Pipa la lita 200 kuwa jiko la moshi: ulizeni kwanza lilibeba nini

Mbanikaji wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nafungua uzi huu kwa sababu ndani ya mwezi mmoja majirani wanne wameniuliza namna nilivyotengeneza jiko la moshi, la kubanikia nyama na samaki, kwa pipa la chuma, na kila mara nimejikuta nikiwajibu kwa swali wasilolitarajia: hilo pipa lako lilibeba nini kabla halijafika kwako? Wao hutaka kujua matundu ni mangapi na wavu ukae kimo gani, mambo yanayoelezeka kwa dakika tano. Kazi hasa ni kujua pipa lilikotoka, nami nililijua hilo baada ya kuharibu mbavu za mbuzi mzima.

Pipa langu la kwanza nililinunua kwa muuza vyuma chakavu. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu inayong'aa, kifuniko na pete yake ya kukazia vikiwa vizima, na muuzaji akaniapia kwamba lilikuwa la mafuta ya kupikia. Nikalileta nyumbani kwa mkokoteni, nikalichoma kwa kuni muda wa nusu saa, nikalisugua kwa brashi ya waya, nikaona nimemaliza. Siku ya karamu nyama ilitoka na rangi ya kupendeza machoni, ila mdomoni ilikuwa na ladha ya mlango uliopakwa rangi jana. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa adabu, alikitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu sana, akakiweka ukingoni mwa sahani, akaomba maji.

Asubuhi yake niliingiza kichwa ndani ya pipa nikiwa na tochi. Chini ya masizi palikuwa na ngozi nyekundu ya kahawia, nyororo kama vanishi, iliyovimba malengelenge sehemu chache tu. Niliikwaruza kwa ncha ya bisibisi ikabanduka kama gamba la changu, na chini ya gamba lile chuma kilikuwa cheupe, hakijaguswa na moto hata kidogo. Huo ndio utando wa ndani, ambao hutengenezwa kwa resini za epoksi na fenoli ili bidhaa iliyomo isikitafune chuma, na umeundwa kuvumilia mambo mengi kuliko moto wangu wa nusu saa. Nikaikwaruza rangi ya buluu ya nje vilevile: chini yake palikuwa na nyeusi, na chini ya nyeusi herufi zilizopigwa kwa kiolezo, ambazo sikuweza kuzisoma. Pipa lilikuwa limeishi angalau maisha mawili kabla ya kuja kwangu, na rangi mpya ilikuwa pazia tu.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wengine huuona mkali mno. Sinunui pipa lililopakwa rangi upya. Sinunui pipa lenye utando mwekundu au wa dhahabu ndani, hata kama ni la bure, kwa sababu kuuondoa kunahitaji moto mkubwa wa saa kadhaa au kupigwa mchanga karakanani, na moshi unaotoka wakati utando unaungua si wa kumfukizia jirani. Ninachotafuta ni pipa la kifuniko cha kufunguka lililokuja na nyanya iliyosagwa au maji mazito ya matunda, maana bidhaa hizo aghalabu husafirishwa ndani ya mfuko maalumu uliotiwa pipani, na chakula chenyewe hakigusani na chuma. Mara nyingine mfuko huwa bado umo ndani na unanuka nanasi. Hapo ndipo ninapotoa pesa bila kujadiliana sana.

Hamali Mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, nimefanya kazi ya mapipa kwa miaka mingi, pale Shimanzi, Mombasa, na kwingineko, na ninaunga mkono usemi wako, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu alama, kwa kuwa watu wengi huzipita kana kwamba ni mapambo.

Pipa lililothibitishwa kubeba bidhaa hatari huwa na alama ya Umoja wa Mataifa, ile ya herufi u na n zilizopangwa juu chini ndani ya duara, ikifuatwa na maandishi kama 1A1 au 1A2. Tarakimu 1 maana yake ni pipa, A maana yake ni chuma, kiwe cha kawaida au kisichoshika kutu, na tarakimu ya mwisho inakwambia kama kichwa hakitoki, yaani 1, au kinatoka, yaani 2. Baada ya hapo huja X, Y au Z. X inaruhusiwa kubeba hata bidhaa za daraja la hatari kubwa kabisa, Y za daraja la kati na la chini, Z za daraja la chini peke yake. Mwaka wa kutengenezwa huandikwa kwa tarakimu mbili, na pipa lililokarabatiwa kiwandani huongezewa herufi R. Ukiiona R hiyo, fahamu kwamba pipa limekwishabeba kitu, likaoshwa, likapakwa, likauzwa tena.

Angalia lakini, alama hizo zinasema pipa liliruhusiwa kubeba nini, hazisemi lilibeba nini. Na pipa lisilo na alama yoyote si lazima liwe safi. Kilicho bora ni karatasi ya bidhaa, na kama karatasi imebanduliwa makusudi, mimi ningeliacha pale pale. Pua nayo ni shahidi, ingawa si shahidi wa kutosha: chomoa kizibo, subiri kidogo, punga hewa kwa kiganja kuelekea usoni, usiingize pua tunduni.

Kwa wanaopenda historia, pipa hili la chuma lenye mikanda miwili iliyovimba kiunoni lina hataza za Marekani za mwaka 1905 kwa jina la Henry Wehrhahn, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Iron Clad ya Elizabeth Seaman, yule mwandishi wa habari aliyejulikana kwa jina la Nellie Bly. Sisi tuliokuwa tukilibiringisha juu ya mikanda hiyo hatukumjua, lakini migongo yetu inamshukuru.

Kijana wa Likoni

Wazee wangu, shikamooni. Ninalo pipa la lami ambalo mkandarasi wa barabara aliliacha karibu na kwetu. Lami imeganda chini kiasi cha vidole vitatu. Je, nikiichoma yote ikaisha, pipa litafaa?

Mbanikaji wa Mikindani

Marahaba, mdogo wangu. Halitafaa. Mapipa ya lami kwa kawaida ni ya bati jembamba, hivyo litapinda kwa joto hata kabla ya lami kwisha, na moshi wa lami inayoungua ni mweusi, mzito na wenye sumu. Litumie kuhifadhia takataka.

Fundi wa Magongo

Mimi ni mchomeleaji, na wateja wanaoniletea mapipa wamegawanyika mafungu mawili: wanaosikiliza, na wanaosema "limekauka hilo, kata tu". Nitaandika kwa ajili ya fungu la pili.

Pipa la vizibo viwili, lile ambalo kichwa chake hakitoki, ni chombo kilichofungwa. Likiwa lilibeba petroli, tina ya kuzimulia rangi au kitu chochote kinachotoa mvuke unaowaka, mabaki yasiyojaza hata kikombe yanatosha kulijaza lote mvuke uliochanganyika na hewa kwa kiwango cha kulipuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na hautoki kwa sababu tu umeacha kizibo wazi siku tatu. Dizeli na mafuta ya injini huwadanganya watu zaidi, kwa maana yakiwa baridi hayatoi mvuke wa kutisha, lakini grinda au mwali wa gesi ukipasha bati joto, mabaki yaliyojificha kwenye mkunjo wa ukingo huanza kutoa mvuke pale pale cheche zinaporuka. Nimeshuhudia katika karakana ya jirani kitako cha pipa kikipaa na kutoboa bati la paa. Mwenye grinda alinusurika kwa kuwa alikuwa amesimama ubavuni, si kichwani.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Naliosha kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, zaidi ya mara moja. Kisha nalisimamisha, nafungua vizibo vyote viwili, nalijaza maji hadi vidole vinne chini ya mstari ninaotaka kuukata, ili nafasi ya hewa ibaki ndogo kabisa. Halafu nakata kwa tindo na nyundo kufuata ndani ya ukingo. Kelele yake inaudhi mtaa mzima na mkono unachoka, lakini hakuna cheche za grinda. Ukingo unaobaki ni mkali kama wembe, kwa hiyo unaupiga nyundo ulale ndani kabla hujaruhusu mtoto kusogea. Na kama mteja hajui pipa lilibeba nini, silikati kwa bei yoyote ile.

Jambo la pili ni zinki. Msininunulie bolti, waya wala bomba zilizopakwa zinki kwa ajili ya kikapu cha mkaa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na mkaa unaopata hewa hupita hapo kwa urahisi. Mvuke wake huleta homa inayofanana na malaria: kutetemeka, kiu, maumivu ya mwili usiku kucha. Mchomeleaji yeyote mkweli atakuambia ameipata. Vilevile wale mnaong'oa wavu wa friji la zamani mkauchomea nyama, acheni, kwani baadhi yake zilipakwa kadimi, ambayo ni mbaya kuliko zinki. Nondo za milimita 8 zilizochomelewa zinatosha, hazina siri.

Bibi wa Kibokoni

Wanangu, nimesoma yote, na mmenifurahisha, ila mnaliita jambo hili kana kwamba lilishuka na meli wiki iliyopita. Sisi tulilikuta likiitwa kubanika. Samaki aliwekwa juu ya chanja, moto mdogo chini, moshi ukamzunguka hadi akawa wa kuhifadhika. Pipa lenu ni chanja lililovaa koti. Nami sisemi hivyo kwa kubeza, kwa maana kuvaa koti kuna faida: upepo hauchezei moto, na kuni kidogo zinafanya kazi kubwa.

Ninachotaka kusema ni kuhusu kuni. Vifuu vya nazi vilivyokauka vinatoa joto zuri, lakini ukivitia vingi kwa pamoja moshi unakuwa mzito na samaki anakuwa mchungu. Viwili vitatu juu ya makaa vinatosha. Makumbi mimi huyatumia kuwashia tu. Mwembe uliokatwa na kukauka miezi kadhaa una moshi wa upole. Mwarobaini uacheni kwa dawa. Mkoko msiuguse, kwani hata ukipata wa kuuziwa kichochoroni, umetoka palipokatazwa. Kuna pia wanaookota paleti bandarini. Mbao za paleti zikiwa na mhuri wa MB, zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu ya kuulia wadudu. HT maana yake zilipashwa joto tu, lakini paleti hunywa kila kinachomwagika juu yake, kwa hiyo kwangu haziingii jikoni zote mbili.

Nguru na jodari wapelekeni kwenye barafu tangu wanapotoka majini. Samaki wa aina hiyo akilala juani hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa moshi wala kwa moto, na mlaji atavimba uso na kuwashwa mwili akidhani amerogwa. Mkimpata akiwa mzuri, mlazeni kwenye maji ya chumvi, mtoeni, mpanguseni, kisha muacheni penye upepo hadi ngozi inate kidoleni. Ngozi ikiwa majimaji moshi haushiki.

Na mkiulizia lilichobeba pipa, ulizeni pia kama mafuta yalikuwa ya mimea au ya mnyama, na mnyama gani. Nyumba nyingi za hapa hazitakula chochote kilichopikwa ndani yake kama jibu si zuri.

Mbanikaji wa Mikindani

Shikamoo, bibi. Neno hilo la kubanika ndilo nililojipa jina, na nimefurahi kuona umelitambua.

Sasa nieleze ujenzi wenyewe, kwa kuwa ahadi ni deni. Pipa la kawaida lina kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 57 na kimo cha karibu sentimita 88, na vipimo hivyo vinaamua karibu kila kitu. Chini, kiasi cha sentimita 5 kutoka kitakoni, nimetoboa matundu manne ya robo tatu ya inchi yaliyogawanyika sawasawa kuzunguka pipa. Mawili nimeyafunga kwa vizibo vya kuskurubu, moja lina kibati cha kusogeza, na la nne nimelitia kipande cha bomba chenye vali, ambacho kwa nje kimepanda hadi usawa wa kiuno ili nisiiname kila mara. Kikapu cha mkaa kina kipenyo cha sentimita 38 na kinasimama juu ya miguu ya nondo, majivu yapate pa kuangukia yasiyazibe matundu. Wavu wa nyama uko sentimita 60 juu ya mkaa, umelala juu ya bolti nne zisizo na zinki. Kwenye kifuniko, kile kizibo cha inchi mbili kimekuwa dohani: uzi wake wa skrubu unapokea bomba la inchi mbili bila kuchomelea. Kama kifuniko chako hakina kizibo, toboa matundu manane ya nusu inchi.

Hewa ya chini ndiyo usukani. Dohani huachwa wazi muda wote, kwa sababu ukiifunga ili kupunguza moto, moshi mchafu hubaki ndani na kuigeuza nyama shubiri. Mimi hujaza kikapu mkaa baridi, kilo 4 hivi, nikaweka juu yake vipande kumi na viwili vilivyokwisha kushika moto pamoja na vigogo vitatu vya mwembe vya ukubwa wa ngumi, nikafunika. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito, na huo si wakati wa kuweka chochote. Baada ya dakika thelathini au arobaini unakuwa mwembamba, wa samawati, unaoonekana tu ukiutazama dhidi ya ukuta mweusi. Hapo ndipo nyama huingia. Nalenga nyuzi 110 hadi 130, nikipima kwa themomita iliyopenya ubavuni usawa wa wavu, kwa kuwa ile ya kifuniko hunidanganya.

Mtashangaa mnofu mkubwa wa ng'ombe unapofika nyuzi 65 au 70 za ndani ukagoma kupanda kwa saa nzima au mbili. Msiongeze moto. Nyama inatoa jasho, na jasho linapokauka linaipoza, kama sisi tunavyopoa upepo ukitupiga tukitoka majini. Ukingoja, tishu ngumu zinaendelea kulainika, na kwenye nyuzi 90 na ushei uma unaingia wenyewe. Kuku hahitaji subira hiyo, lakini asitoke kabla ya nyuzi 74 kwenye paja karibu na mfupa. Samaki, 63.

Kabla ya kupika mara ya kwanza, hata pipa la nanasi nalichoma moto mkali saa mbili, nalisugua kwa brashi na msasa, nalipaka mafuta ya kupikia ndani kote, kisha nalipasha tupu hadi mafuta yageuke ngozi nyeusi. Rangi ya kuvumilia joto inapakwa nje peke yake.

Kuna kero moja ya hapa kwetu. Hewa ya chumvi inakula chuma usiku na mchana. Majivu hunyonya unyevu, na yakiachwa chini ya pipa wiki moja wakati wa mvua za mwaka, kitako kinaanza kutoboka. Nayatoa keshoye, nafuta kwa kitambaa chenye mafuta, nafunika. Na kusi ikianza kuvuma, naligeuza pipa ili vali iupe upepo kisogo, la sivyo upepo unapuliza mkaa moja kwa moja na joto linapanda hadi 180 ningali natafuta kibao cha kukatia nyama.

Mpangaji wa Tudor

Naishi ghorofa ya tatu, nina veranda iliyozungushiwa vioo pande mbili. Nikilitumia hapo na mlango wa sebule ukiwa umefungwa, kuna ubaya?

Fundi wa Magongo

Upo, dada au kaka. Mkaa unaowaka kwa kunyimwa hewa, na hivyo ndivyo jiko hili linavyofanya kazi, unatoa hewa ya kaboni monoksidi kwa wingi. Haina harufu na mlango wa sebule hauizuii. Mvua ikikukuta nje, nyeshewa na nyama, usiliingize pipa ndani hata kama unaona limezimika. Ukifunga matundu yote linaweza kukaa na makaa hai kwa saa nyingi.

Hamali Mstaafu

Nikumbushe pia juu ya stakabadhi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na mwanzoni mwa 2022 biashara yote ilipigwa marufuku kwa muda kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme. Ukinunua pipa moja kwa mtu mwenye leseni, omba karatasi. Mwenye karatasi aghalabu ndiye pia anayejua pipa limetoka wapi.

Kijana wa Likoni

Nimerudi, wazee wangu. Lile la lami nimeliacha. Leo nimepata jingine kwa mtengeneza maji ya matunda, la kifuniko na pete, ndani ni chuma cheupe kisicho na utando, na mfuko bado umo, una ukwaju. Bibi, harufu ya ukwaju itadhuru samaki?

Bibi wa Kibokoni

Haitadhuru, mwanangu. Lichome tu kama ulivyoelekezwa, na ukivuka na kivuko siku ya kwanza, usije mikono mitupu.